Naomba ushauri: Haleluya au Aleluya?

Habari zenu ndugu. Naomba msaada wa wajuzi wa lugha na wa liturujia.

Naandaa kijitabu cha nyimbo za ibada ya pamoja ya Pasaka, kwaya ya Kikatoliki na ya Kilutheri. Tumekwama kwenye neno moja. Walutheri wanaandika "Haleluya", kama lilivyo katika Biblia yao, Zaburi 150 na Ufunuo 19. Wakatoliki wanaimba "Aleluya", tena kwao haliimbwi Kwaresima nzima, hivyo likirudi usiku wa Pasaka ni jambo kubwa. Kuligusa ovyo kutaumiza watu.

Nimefuatilia hadi hapa: ni Kiebrania, hallelu ni amri kwa wengi, "sifuni", na Yah ni ufupisho wa jina la Mungu. Lilipitia Kigiriki, ambacho hakikuwa na herufi kamili ya "h", na Kilatini kikalipokea kama alleluia. Maumbo yote mawili ni halali basi. Lakini mazoezini tofauti inasikika: wengine wanaanza na pumzi ya "ha", wengine wanaingia moja kwa moja na "a", na mwanzo wa wimbo unachafuka.

Waliowahi kuandaa ibada ya namna hii, mlichagua umbo moja au mliacha kila wimbo na lake? Na wanaojua Kiarabu: tahlili, yaani kutamka "la ilaha illallah", ina mzizi mmoja na hallelu? Wanakwaya wameuliza, nami nataka dibaji iwe sahihi.

Natanguliza shukrani.