Databesi ipi kwa utafiti wa baiolojia: PubMed, Google Scholar au Web of Science?

Kinda_la_Kambale (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Niko kwenye andiko la utafiti wa baiolojia, msimamizi kanirudishia sura ya pili, ile ya mapitio ya machapisho, kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu "umetafuta wapi?" basi, hakuna neno lingine. Mimi nilitafuta Google Scholar kama kila mtu. Sasa anataka nichague databesi moja au mbili, nieleze kwa nini hizo na siyo nyingine, halafu nirudie kutafuta upya, na jibu analitaka Ijumaa. Nasikia kuna orodha kubwa za kutafutia pepa, PubMed, Web of Science, Scopus, kuna mmoja kaniambia JSTOR. Ipi bora? Msinipe lekcha tafadhali nataka jina tu.

Seli_Moja
PubMed. Funga uzi.
Ni ya bure, iko hewani tangu 1996, ina rekodi zaidi ya milioni 36, haikuombi kulogini wala nini. Na pepa zilizoko MEDLINE, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya PubMed, zimebandikwa lebo za MeSH, msamiati maalumu wa tiba, yaani mwandishi aite ugonjwa kwa jina lolote analolitaka yeye, lebo inakuwa ileile moja. Scholar inakurundikia hadi slaidi za darasani za mtu.

Mama_Hadubini
Mwanangu umeingia kwa daktari umesema "naumwa" ukanyamaza. Baiolojia ipi? Kiumbe gani? Uko shahada gani? Chuo chenu kimelipia nini? Na msimamizi anataka mapitio ya kawaida au yale ya kimfumo ambayo lazima uonyeshe kila hatua? Bila hayo kila mtu hapa atakutajia anachokitumia yeye tu.

Mzee_wa_Katalogi
@Seli_Moja usimpoteze mtoto wa watu. PubMed ni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, imejengwa kwa ajili ya afya. Ukiwa na seli, jeni, virusi, vijidudu, sawa, utakula ushibe. Ukiwa na mtu wa nyasi au mende au konokono wa majini, majarida mengi anayoyahitaji hayamo humo.
Wanyama wana Zoological Record, hiyo ilianza 1864 na bado inaendelea. Baiolojia kwa upana ina Biological Abstracts, 1926. Sisi tulizisoma kwenye mavolumu mazito unabeba kwa mikono miwili, siku hizi zote mbili unazipata ndani ya jukwaa la Web of Science LAKINI chuo kiwe kimelipia hivyo vipande. Vyuo vingi vinalipia ule mkusanyo mkuu tu, na mwanafunzi anaandika "nimetafuta Web of Science" akidhani kapekua nyumba nzima kumbe kaishia sebuleni.

Nzi_wa_Matunda
Scholar mnaionea bure. Toka 2004 imeokoa watu wangapi? Inasoma ndani ya pepa nzima, siyo kichwa na ikisiri peke yake, kwa hiyo jina la kiumbe lililotajwa mara moja tu kwenye jedwali la nne unalipata. Inakuletea tasnifu, ripoti, vitabu. Na ile linki ya waliomnukuu ndiyo dhahabu yenyewe, unashika pepa moja nzuri unafuata walioitaja wote unatokea leo. Mimi nimemaliza shahada mbili nayo.

Mzee_wa_Katalogi
Wazo la kufuata waliomnukuu siyo la Scholar, ni la Eugene Garfield na faharasa yake ya 1964, ndiyo baba wa hiyo Web of Science. Heshima iende kwa mwenyewe.

Nzi_wa_Matunda
Sawa babu 😂 lakini Scholar ndiyo imelitoa bure.

Kinda_la_Kambale
Ni uzamili. Samaki.

Mama_Hadubini
Samaki ni zaidi ya spishi 30,000. Samaki gani, na unamfanya nini?

Kinda_la_Kambale
Samahani mama. Perege, Oreochromis niloticus, naangalia vimelea kwenye matamvua. Hasa wale minyoo wadogo wa Cichlidogyrus. Niliandika "Oreochromis niloticus gill parasites" nikachukua kurasa tano za mwanzo za Scholar, yaani pepa hamsini, nikazipunguza zikabaki 31. Msimamizi anataka nirudi nyuma mpaka pepa za zamani maana nina kipengele cha historia ya kugunduliwa kwao.

Mama_Hadubini
Haya, hili ndilo lilipaswa kuwa kwenye posti ya kwanza. Tatizo lako la kwanza wala siyo databesi, ni jina. Huyo samaki Linnaeus, yule baba wa majina ya kisayansi, alimwita Perca nilotica 1758. Baadaye kwa miaka mingi alikuwa Tilapia nilotica. Kisha akawa Sarotherodon niloticus, na ndipo akaja kutulia kwenye Oreochromis. Aliyelipanga sawasawa ni Ethelwynn Trewavas, kitabu chake kikubwa ni cha 1983. Msingi wake ulikuwa malezi, wale wanaotaga chini na kulinda mayai wabaki Tilapia, wanaobeba mayai mdomoni wakae pembeni, na ambao jike peke yake ndiye anayebeba ndio Oreochromis.
Sasa wewe umetafuta kwa jina la sasa. Cichlidogyrus wenyewe walipewa jina na Paperna 1960. Mwaka huo nani alikuwa anaandika Oreochromis niloticus? Pepa za miaka ya 60 na 70, ambazo ndizo historia unayoitaka, ziko chini ya Tilapia nilotica, na kwenye kurasa zako tano huenda hazikutokea kabisa. Nenda FishBase kwanza, fungua ukurasa wa huyo samaki, kuna orodha ya majina yake yote, nakili. Kisha andika hivi:

("Oreochromis niloticus" OR "Tilapia nilotica" OR "Sarotherodon niloticus") AND (Cichlidogyrus OR monogene* OR gill*)

OR, yaani "au", iwe kwa herufi kubwa, majina ya maneno mawili yawe ndani ya alama za kunukuu, mabano usiyasahau. Monogene* ni kwa ajili ya Monogenea, kundi la hao minyoo wako, na hicho kinyota kinakuletea miisho yote ya neno. Na angalia unapokata, ukiitafuta hiyo monogene* peke yake ukakosea ukaandika monogen* utamwagiwa na magonjwa ya kurithi ya jeni moja, kisukari na nini, minyoo wako wamefunikwa huko.

Seli_Moja
Na hiyo yote inafanya kazi PubMed 😎 Scholar kinyota haikijui.

Mama_Hadubini
Hapo nakuunga mkono. Na kwa vimelea PubMed siyo mbaya, majarida makubwa ya parasitolojia yamo. Ila kwa samaki na uvuvi ongeza ASFA, ile ya ikisiri za sayansi za maji ambayo FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanaisimamia, ipo tangu 1971.

Panya_wa_Maktaba
Ngoja niwasimulie yaliyonikuta mimi maana naona mwenye uzi anakwenda njia ileile. Mapitio yangu yote niliyafanya Scholar, usiku, nikiwa kitandani na laptopu. Nilikuwa na daftari la maabara, na kwenye ukurasa mmoja ambao formalini ilishamwagikia wino ukafanya ukungu, niliandika mstari mmoja tu: "vimelea, Scholar, 412". Basi hiyo ndiyo ilikuwa rekodi yangu nzima ya kutafuta. Kwenye tasnifu nikaandika kwa madoido kabisa kwamba jumla ya machapisho 412 yalipatikana na 58 yakachambuliwa. Siku ya utetezi mtahini wa nje, mpole sana, sauti ya chini, akaniuliza hizi 412 ulizipata tarehe ngapi na kwa maneno gani hasa? Nikataja maneno ninayoyakumbuka. Akasema vizuri, nenda karudie uone kama utapata hizohizo. Nikarudia usiku ule ule. Ikaja elfu mbili na kitu. Nikatoa neno moja, ikaja mia tisa. Nikabadilisha kompyuta namba ikabadilika tena. Kuna pepa tatu zilizokuwa kwenye jedwali langu sikuziona tena kwa maneno yoyote yale, nikazipata kwa kuandika vichwa vyake kamili. Na Scholar hata ikikwambia imepata elfu mbili, haikuonyeshi zaidi ya elfu moja, hizo nyingine utazihakiki vipi? Nikarudishwa kusahihisha, wiki saba, wenzangu wanavaa majoho mimi nahesabu upya. Tangu hapo kila nikitafuta nakopi mstari mzima wa maneno naubandika kwenye faili, naandika tarehe, naandika databesi, naandika idadi. PubMed ukifungua akaunti inakuhifadhia utafutaji na kukutumia barua pepe pepa mpya zikitoka. Sisemi Scholar mbaya, nasema haina kumbukumbu, na wewe ukiwa huna pia basi mmekutana.

Nzi_wa_Matunda
Pole lakini hilo ni kosa lako mkuu siyo la Scholar.

Panya_wa_Maktaba
La kwangu, nimekataa? Ndiyo maana nasimulia.

Kinda_la_Kambale
Yaani nimeogopa. Mimi hata huo mstari mmoja sina.
Swali lingine, nimejaribu mstari wa Mama_Hadubini PubMed, zimekuja ila nyingi naona ikisiri tu, nikibofya naambiwa nilipie. Si mlisema ni bure?

Seli_Moja
PubMed ni orodha, haitunzi pepa yenyewe. Pepa nzima za bure ziko PMC, yaani PubMed Central, ndugu yake wa 2000. Upande wa kushoto chuja zenye maandishi kamili ya bure.

Kunguru_Mweusi
Mnajisumbua. Sci-Hub, ile tovuti ya kushusha pepa bila kulipa, unabandika DOI, namba ya utambulisho ya pepa, unashusha, unalala.

Mzee_wa_Katalogi
Na mkishafungiwa intaneti ya chuo mje hapa kulia. Ni uharamia, mwiteni kwa jina lake.

Kunguru_Mweusi
Uharamia ni kumuuzia mtu pepa ya utafiti uliolipwa na kodi za wananchi, mwandishi hapati hata shilingi, mhakiki kahakiki bure. Yule dada Elbakyan aliyeianzisha 2011 alikuwa mwanafunzi kama huyu, kakwama kama huyu.

Mzee_wa_Katalogi
Hoja ya kodi nakubaliana nayo. Njia sikubaliani nayo. Na tena hiyo kitu pepa mpya nyingi haina, kwa hiyo hata kwa kazi yenyewe inakuangusha.

Mama_Hadubini
Jamani mbona kuna njia ambazo hazina ugomvi? Sakinisha Unpaywall kwenye kivinjari, inakutafutia nakala halali aliyoiweka mwandishi mwenyewe. Kwenye Scholar bofya palipoandikwa matoleo yote, mara nyingi moja lina PDF. Mwandikie mwandishi barua pepe mistari mitatu, mimi nimefanya hivyo mara nyingi na wengi wanatuma siku hiyohiyo, wanafurahi kwamba kuna mtu anawasoma. Muulize mkutubi kama maktaba inaazimana na nyingine. Na kama chuo kiko kwenye nchi zinazostahili, Research4Life ina AGORA ya kilimo na uvuvi na Hinari ya afya, ila akaunti ni ya taasisi, wewe binafsi hujiungi, paswedi anayo mkutubi.
Za zamani kabisa, hizo za Linnaeus na wenzake, ziko Biodiversity Heritage Library. Bure kabisa, unafunua ukurasa kwa ukurasa na doa la unyevu unaliona.

Tetra_Nne
Natoka nje ya mada kidogo, kwa nini asiulize tu AI? Mimi nimeomba marejeo kumi nikapewa kumi ndani ya dakika moja.

Panya_wa_Maktaba
Umeyafungua yote kumi?

Tetra_Nne
Mawili hayafunguki

Panya_wa_Maktaba
Tafuta vichwa vyake PubMed uje utuambie.

Tetra_Nne
...hayapo 😅 waandishi wapo lakini, na jarida lipo

Mama_Hadubini
Kinda, uwe umetoka hapa na kitu. Mkutubi wa sayansi wa chuo chenu umeshamwona?

Kinda_la_Kambale
Hapana. Nilidhani yule ni wa kugonga mihuri vitabu.

Mzee_wa_Katalogi
Kugonga mihuri 🙄 Huyo ndiye anayejua hasa mmelipia nini na nini. Nusu saa naye inashinda huu uzi wote, pamoja na mimi.

Kinda_la_Kambale
Nimetoka kwake sasa hivi. Zoological Record hatuna. Scopus tunayo, ASFA tunayo. Akanionyesha maneno yangu kwenye skrini akabadilisha mawili tu, zikaongezeka pepa 19 ambazo sijawahi kuziona. Naelekea kuandika Scopus na ASFA, halafu PubMed kama nyongeza. Au niweke PubMed ya kwanza?

Seli_Moja
Ya kwanza.

Mzee_wa_Katalogi
Nyongeza.

Nzi_wa_Matunda
Na Scholar mwishoni kwa ajili ya waliomnukuu na tasnifu ambazo hizo nyingine hazina. Iandike wazi tu kwamba ulisoma matokeo 200 ya mwanzo na tarehe.

Panya_wa_Maktaba
Hapo Nzi kasema la maana. Na marejeo uyaweke Zotero toka leo, ukitoa databesi nne utakuwa na pepa ileile mara nne, yenyewe inakuonyesha zilizojirudia unaziunganisha. Tena ikikuta pepa ambayo jarida limeshaiondoa inakupa onyo jekundu.

Kunguru_Mweusi
Mendeley iko vizuri zaidi.

Panya_wa_Maktaba
Mendeley ni ya mchapishaji Elsevier tangu 2013, wewe si ndiye unayewapiga vita wachapishaji?

Kunguru_Mweusi
Natumia, sijasema nawapenda.

Kinda_la_Kambale
Wakuu kati ya zile 19 kuna mbili za miaka ya 60 nimezipata zote PDF, michoro ya vile vikulabu vya minyoo imechorwa kwa mkono imenyooka balaa, lakini maandishi ni Kirusi. Hivi humu kuna mtu anasoma Kirusi?

Tetra_Nne
Sasa hapo ndiyo uulize AI

Mama_Hadubini
Angalia mwisho wa pepa kwanza, nyingi za kipindi kile zinakuwa na muhtasari wa Kiingereza. Halafu Mendeley na Zotero fungueni uzi wenu.