Mrejesho: gari la kabureta lililokuwa likizidiwa na petroli

Ndugu zangu, niliuliza hapa kuhusu gari langu la zamani la kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), ambalo injini yake ikishapata joto na kuzimwa kwa muda mfupi halikuwaka tena, huku harufu ya petroli ikijaa chini ya boneti na plagi zikitoka zimelowa chepechepe. Mliniambia nikanyage pedali ya mafuta hadi mwisho bila kuipampu, kisha nipige stata kwa vipindi vifupi, ili hewa nyingi iingie na kukausha silinda. Njia hiyo iliwasha gari, lakini tatizo lilirudi, jambo lililoonyesha kwamba petroli ilikuwa ikivuja ndani hata injini ikiwa imezimwa.

Tulipofungua kabureta, fundi alitoa floti, yaani boya dogo linaloelea kwenye petroli ndani ya kabureta, akaitikisa karibu na sikio langu, na petroli ikasikika ikicheza ndani yake. Floti iliyotoboka haielei vizuri, kwa hiyo haiisukumi sindano ifunge njia ya mafuta, na sindano yenyewe ilikuwa imelika mfereji mwembamba kwenye ncha. Tulibadilisha vyote viwili pamoja na kikalio cha sindano (tundu ambalo ncha yake hufunga), tukapima upya kimo cha floti.

Aliyeshauri ninuse stiki ya kupimia oili ninamshukuru kipekee, kwa kuwa petroli iliyozidi ilikuwa imechuruzika hadi kwenye oili, nayo ilinuka petroli na ilikuwa nyepesi mno. Nimeimwaga na kuweka mpya pamoja na filta. Sasa gari linawaka hata injini ikiwa ya moto, na plagi ni kavu zenye rangi ya kahawia, kama inavyotakiwa.