Nimepimwa moyo mara nne ukiwa umelala, halafu mnaniambia nina mawazo!

Wakuu, habari za usiku. Jambo hili nimekaa nalo miezi kumi na minne, leo limefika kooni. Tafadhali asije mtu kuniandikia "pole dada, kunywa maji mengi". Maji nimekunywa mpaka nimekuwa kisima.

Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro, miaka 34, watoto wawili. Sivuti, pombe sinywi, vile vinywaji vya kuongeza nguvu sijawahi kuvigusa. Kahawa nilikuwa napiga kikombe kimoja asubuhi, nikaiacha kwa woga. Siku ya kwanza nilikuwa na sare za harusi mezani, mkasi ukanidondoka, nikainama kuuokota. Nilipoinuka moyo ulikuwa umeshaondoka. Haukupanda taratibu kama wa mtu aliyekimbilia daladala. Ulibadilika papo hapo, ti! Wenye cherehani za umeme watanielewa: ukanyage pedeli mpaka chini halafu mguu ugome kutoka. Mteja aliyekuwa anasubiri gauni akaniuliza, "Dada, mbona shingo inakucheza kama chura?" Nikajitazama kwenye kioo cha kujaribia nguo, kweli, shingo inapwita pande zote mbili mpaka mkufu unarukaruka. Kama dakika ishirini hivi, kisha ukakata. Ghafla vilevile, kama mtu amezima swichi. Baada ya hapo mkojo, mweupe kama maji ya bomba, mara tatu ndani ya saa moja.

Tangu hapo unanishika karibu mara mbili kwa mwezi, na mara nyingi ni nikiinama.

Sasa nishikieni hayo manne: kuinama, kuanza na kukata ghafla, shingo, mkojo. Yote manne nimemwambia kila daktari niliyekaa mbele yake. Tazameni walichoyafanyia.

Zahanati ya kwanza, daktari hakuinua kichwa kutoka kwenye daftari mpaka nilipofika kwenye mkojo. Hapo akaniangalia, uso umechangamka kama mwanafunzi aliyeotea swali la mtihani. "Mkojo? Hiyo UTI." Sipro siku saba. Malaria haikuonekana, lakini na mseto nikapewa, eti wa tahadhari. Wifi yangu naye akasema ni jini, nimpeleke kwa mtu anayemjua. Huyo angalau hakunitoza hela ya faili.

Hospitali ya pili wakanipiga ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Nilifurahi, nikajua sasa nimefika. Presha 118 kwa 76, mapigo 78, niko nimetulia zangu kitandani, sijashikwa na chochote siku ya tano. Karatasi ikatoka, ile ya rangi ya waridi yenye vimistari. Ninayo mpaka leo. Tarehe iliyochapwa juu ni ya mwaka 2009, kwa sababu hakuna aliyewahi kurekebisha saa ya mashine, na umri wangu umeandikwa 54. Daktari akaisoma, akatabasamu: "Kwa umri wako, mama, moyo huu ni mzuri sana." Nikamwambia nina 34. Akasema basi ndio mzuri zaidi!

Kliniki binafsi nikalipa mwenyewe kila kitu. ECG tena, eko (ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti), wingi wa damu, tezi ya shingo. Yote safi, na sikatai kwamba ilifaa yapimwe, maana upungufu wa damu na tezi iliyozidi kazi vinaukimbiza moyo kweli. Ila baada ya majibu kuwa safi nilitegemea aseme "basi tutafute pengine". Badala yake akavua miwani akaniuliza, "Mume yupo?" Nikasema yupo. "Mnaelewana?" Tunaelewana. "Biashara inaendaje?" Akaandika: wasiwasi. Diazepamu, dawa ya kutuliza, usiku.

Jamani, nani hana mawazo nchi hii? Kama mawazo ndiyo yangekuwa yananishika, yangenishika tarehe ya kulipa kodi ya fremu. Mbona yananisubiri nidondoshe mkasi?

Wa nne ndiye angeniua. Alipiga ECG ya haraka, akaitupia jicho, akaniandikia propranolo, "itatuliza tu hayo mapigo". Hakuniuliza kama nina pumu. Ninayo tangu utotoni, na pampu ilikuwa kwenye mkoba, umbali wa mkono kutoka kwenye meza yake. Aliyeniuliza ni kijana wa duka la dawa, akakataa kuniuzia, akasema dawa hiyo inaweza kumbana mwenye pumu mpaka akashindwa kupumua. Kijana wa duka la dawa!

Lakini kilichonifanya nifungue uzi huu ni cha mwezi wa nne, tarehe 9. Nilishaambiwa na watu nikimbilie hospitali ukiwa unaendelea, waukamate. Saa nne asubuhi nikainama kuvuta mfuko wa vipande vya vitambaa, ukaanza. Nikaacha duka wazi, nikadaka bodaboda. Dakika ya sita niko mapokezi.

"Kadi?" Nimeisahau. "Faili jipya, elfu tano, dirisha la tatu." Nikamwambia dada naomba nipimwe sasa hivi kabla haujakata. Akanipandisha na kunishusha: "Mbona umekuja unatembea? Wa dharura wanaletwa." Dirisha la tatu kuna watu wanane, na mtandao unasumbua, namba ya malipo haitoki. Dakika ya kumi na nne nikaegemea ukuta, nikaweka saa ya simu, vidole kwenye kifundo cha mkono, nikahesabu sekunde 15. Mapigo 46. Zidisha kwa nne, ni 184. Moyo wa mtu mzima aliyetulia unatakiwa uwe kati ya 60 na 100. Mlinzi akaniona jasho linanitoka, akanishika mkono, akaacha hapohapo kana kwamba umemuunguza. "Nesi! Huyu dada moyo wake unakimbia vibaya!" Huyo mlinzi Mungu ambariki, katika miezi kumi na minne ndiye mtu pekee wa hospitali aliyewahi kuushika.

Nesi akanipeleka chumba cha ECG, na hapo nimsifu, hakuuliza risiti. Chumba kimefungwa. Mwenye ufunguo yuko chai. Dakika ya kumi na tisa tumesimama mlangoni mimi na nesi, natazama kitasa. Ufunguo umekuja dakika ya ishirini na mbili, yule kaka bado anatafuna. Nimelala, ananipaka ile jeli ya baridi kifuani, anabana kibanio cha mguu wa kulia, cha kushoto, anashika mkono wangu. Ti. Ukakata. Nilihisi kabisa, nikasema "jamani umekata." Akabonyeza. Mapigo 88. "Uko vizuri mama, moyo unapiga kama saa."

Nililia pale kitandani na jeli yangu kifuani. Na mjue, kwenye faili kukaandikwa kwamba mgonjwa analialia, inaonyesha wasiwasi. Aliyoyashika mlinzi hayakuandikwa.

Jirani yangu ni nesi mstaafu, mama wa miaka sabini na kitu. Nilienda kumwamkia jioni ile macho yamevimba, akaniuliza, nikamwaga yote. Yeye ndiye aliyenifungua macho: karatasi ya ECG inachukua sekunde kumi tu. Sekunde kumi! Nikarudi nyumbani nikapiga hesabu kwenye daftari la vipimo vya wateja. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Mimi nashikwa kama dakika 40. Kuniamulia kwa karatasi ya siku yoyote tu ni kama kubahatisha mara moja katika elfu.

Wakuu, mteja akiniletea gauni, akasema likivaliwa linambana kwapani, mimi silitundiki kwenye henga, nikalitazama kwa mbali, nikamwambia gauni liko sawa, tatizo ni kichwa chako. Namwambia, vaa tuone.

Yule mama akaniambia na la pili. Moyo una umeme wake, na wapo watu wenye njia ya ziada, umeme ukiponyokea huko unazunguka tu kama uzi uliojisokota kwenye bobini, hautoki mpaka ukatike. Huanza ghafla, hukata ghafla, shingo hupwita, na baadaye mkojo unakuja mwingi. Hakusema ndio ninao, alisema ndio wa kutafutwa. Akanielekeza nikishikwa nikae nimeegemea, nipulize bomba la sindano la mil. 10 mpaka kisukumio kisogee, sekunde 15, kisha nilazwe chali mtu aniinulie miguu. Alisoma kwenye simu kwamba Waingereza waliwajaribu wagonjwa 428, matokeo yakatoka mwaka 2015: kwa njia hiyo ya miguu juu walitulia 43 kati ya kila 100, kwa njia ya zamani, ya kupuliza bila kuinuliwa miguu, 17. Mara ya kwanza haikufanya kitu. Ya pili, mume wangu ameshika miguu yangu hewani anacheka, ukakata. Yule mama akasema, "Mwanangu, mawazo hayakatwi kwa kupuliza sindano."

Nikaenda na habari hiyo kwa daktari, na video ya shingo ambayo mwanangu alinirekodi. Akasogeza simu yangu pembeni kwa kalamu. "Hapa hatutibu simu." Nikaomba jambo moja tu, aniandikie kikaratasi kwamba mgonjwa huyu akija mapigo yakiwa mbio apigwe ECG kwanza, malipo baadaye. Akasema fomu ya namna hiyo haipo. Sikuomba fomu! Niliomba mistari miwili na sahihi.

Na kipimo cha kuvaa kipo, kinaitwa Holter, kidude kinabandikwa kifuani unarudi nacho nyumbani kinarekodi mchana na usiku. Mmarekani Norman Holter alikianza miaka ya 1940, cha kwanza kilibebwa mgongoni kina kilo karibu 38. Siku hizi kinakaa kiganjani. Kati ya madaktari wote hao, hakuna aliyekitaja kwa mdomo wake. Nimelitoa jina kwa nesi mstaafu, kwenye mkeka, nikimchambulia mchicha.

MREJESHO: Asanteni kwa majibu. Aliyesema niende kuombewa, nimeombewa, na mchungaji mwenyewe kasema nenda hospitali. Aliyeuliza kama nazimia, sijawahi. Wewe unayesema mdogo wako moyo unakimbia na kisha anadondoka, usingoje uzi huu ufike ukurasa wa pili, mpeleke leo.

Holter nimepata Dar, hospitali moja binafsi, 150,000, bima hailipi. Jumatano nawahi treni, saa nne asubuhi nafungwa mashine, Alhamisi saa nne inafunguliwa. Saa 24. Mimi nashikwa mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo mpige hesabu wenyewe. Nimemuuliza dada wa simu je, nisiposhikwa? Kasema "basi itakuwa majibu yako ni mazuri."

Nitalala kwa shangazi Temeke. Nimeshamwambia asishangae, siku nzima nitakuwa nadondosha mkasi na kuuokota. Nimeuweka kwenye mkoba tayari, ule ule wa siku ya kwanza.