Mnaowauzia kina mama wa Tanga hisa za kampuni tupu za Marekani, leteni hesabu hapa

Wakuu, hili nimelivumilia vya kutosha.

Kuna jamaa anazunguka mjini hapa, Ngamiani, Makorora mpaka Chumbageni, anaviuzia vikoba hisa za kampuni ya Marekani isiyofanya biashara yoyote. Haina bidhaa, haina mauzo, limebaki jina. Na hafichi! Anasema hiyo ndiyo fursa: kampuni yenye biashara itaungana nayo ili ifike sokoni bila mlolongo wa kuuza hisa kwa umma, na hisa ya senti moja ya dola itafika dola nzima. Kikundi cha dada yangu kimempa akiba ambayo ilikuwa igawanywe mwisho wa mwaka.

Muungano wa aina hiyo upo na ni halali. Kinachonikera ni anayoyanyamazia.

Senti moja ni rahisi ukilinganisha na nini? Tuseme kampuni ina hisa bilioni 2. Kwa senti moja kila hisa, mnaambiwa kitu kitupu kina thamani ya dola milioni 20. Hiyo ni rahisi? Halafu huyo anayekuja na biashara yake analipwa kwa hisa mpya. Akichukua asilimia 90, hisa zinakuwa bilioni 20, na ninyi wa zamani wote mnagawana asilimia 10 iliyobaki. Hapo sijagusa madeni. Kampuni nyingi za namna hii zinaishi kwa mikopo inayogeuzwa kuwa hisa: mkopeshaji anapewa hisa kwa bei ya chini kuliko ya soko, anazimwaga sokoni, bei inaporomoka, na kesho yake anadai nyingine. Nani kawaeleza hayo kina mama? Hakuna.

Kibaya zaidi, hisa zenyewe hazinunuliwi sokoni. Anawapa cheti. Kanuni ya 144 ya tume ya masoko ya Marekani, SEC, inabana hisa za kampuni tupu zilizopatikana kwa njia hiyo: kampuni lazima kwanza iache kuwa tupu, iwasilishe taarifa kamili za biashara yake mpya, kisha mwaka mzima upite ndipo kanuni hiyo ikuruhusu kuziuza. Muungano usipotokea, huo mwaka hauanzi kuhesabiwa. Mama ana ada ya shule ya Januari, cheti hicho atakipeleka wapi?

Na msiseme habari hizi ni za wasomi. Kampuni inayoripoti SEC huweka taarifa ya mwaka, 10-K, kwenye EDGAR, hifadhi ya SEC ya taarifa za kampuni mtandaoni, bure, hata kwa simu. Ukurasa wa kwanza kabisa una kisanduku cha kukiri kama kampuni ni tupu. Ndani mna idadi ya hisa, fedha iliyopo, madeni, na nani anaishikilia.

Eti "mbona hata Simba Cement ilianza hivi hivi"? Uongo mtupu! Tanga Cement, ndiyo hiyo ya Simba, iliingia soko la hisa la Dar es Salaam mwaka 2002 ikiwa na kiwanda Pongwe kinachotoa saruji.

Wewe unayekusanya hela, najua unasoma hapa. Weka jina la kampuni, 10-K ya mwisho, na leseni yako ya kuuzia watu hisa kutoka CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji ya hapa Tanzania. Kama huna, rudisha hela ya kina mama wiki hii. Na waliompa, tunzeni miamala yenu ya simu, msifute hata mmoja, twendeni polisi kwa pamoja.