Skripti ya Python kulisha pandoc: agumenti, paipu au faili la muda?

karani_wa_usiku
Wakuu habari za jioni. Nina skripti ya Python inasoma orodha ya wanachama halafu inaita programu nyingine ya terminali itoe risiti za PDF. Maandishi niyapitishe vipi, niyabandike kwenye komandi yenyewe kama agumenti, niyamimine kwa stdin (mlango wa programu wa kupokea maandishi, ndiyo kazi ya paipu), au niandike faili la muda kwanza? Ijumaa lazima itembee. Ipi bora?

binti_seva
Bora kwa kipi? Hujasema programu gani, Linux au Windows, maandishi yana urefu gani, ndani kuna siri au hamna. Tunapiga ramli hapa.

shabiki_wa_bash
Python ya nini sasa. printf '%s' "$x" | programu, unaenda kulala.

karani_wa_usiku
Samahani dada. Ni pandoc, ile ya kugeuza nyaraka toka muundo mmoja hadi mwingine, seva ya ofisi ni Ubuntu, HTML ya kurasa mbili tatu kila mtu.

pwani_kodi
Hapo stdin tu mkuu. pandoc usipoipa jina la faili inasoma stdin yenyewe:

subprocess.run(["pandoc", "-f", "html", "-o", "risiti.pdf"], input=html, text=True, check=True)

Agumenti sahau, pandoc itadhani HTML yako ni jina la faili. Na hata programu zinazokubali, Linux agumenti moja haivuki 128 KB, ukizidisha unaambiwa "Argument list too long".

mhanga_wa_ritifaa
Ngoja niwape kisa maana hili liliniumbua. Kuna shule niliitengenezea barua za ada, nikatumia os.system, inayopitisha komandi nzima kwa shell (kile kisomaji cha komandi cha terminali), jina la mzazi nimelizungushia alama za kunukuu moja moja nikajiona fundi. Siku ya kwanza ikafika kwa mzazi anaitwa Ng'wandu, shell ikalia "Unterminated quoted string", sawa, hiyo angalau imelia nikaiona. Kilichoniua ni Ng'ang'a. Ile alama ya kwanza ya jina inafunga nukuu yangu, ya pili inafungua nyingine, ya mwisho inafunga, hesabu imetimia, shell haina neno, barua inatoka imeandikwa Nganga! Hakuna kosa popote. Na kwenye orodha alikuwepo Nganga mwingine kabisa, wa darasa la nne, anadaiwa. Barua mbili zikaenda nyumba moja na mhasibu akanipigia saa kumi na mbili asubuhi. Tangu siku hiyo shell=True, ile ya kuipitishia shell komandi, sitaki hata kuisikia, natuma orodha kama alivyoonyesha pwani_kodi, hapo shell haipo katikati na jina linafika lilivyo.

shabiki_wa_bash
Kosa ni lako siyo la shell. Ungeandika "$jina" na nukuu mbili kama watu wazima.

mhanga_wa_ritifaa
Na jina likija na nukuu mbili ndani ya os.system? Tutafika wapi. Hata xargs yako, ile ya kugeuza maandishi ya stdin kuwa agumenti, jaribu kuilisha Ng'wandu bila -0 uone.

mwalimu_mstaafu
Vijana, hongereni kwa kulijua neno ritifaa. Wengi siku hizi wanasema apostrofi.

shabiki_wa_bash
Mwalimu shikamoo, ila sisi tunaiita "ile ya ng'ombe" 😂

binti_seva
Marahaba zenu baadaye, turudi. karani, ukienda na stdin usijifanye mjanja wa kufungua Popen (kuiendesha programu mwenyewe hatua kwa hatua), kuandika yote kwanza ndiyo usome majibu. Bafa ya paipu, pale data inaposubiri kusomwa, kwenye Linux kwa kawaida ni 64 KB. Programu ikijaza ya kutoa nawe bado unaandika, kila mmoja anamsubiri mwenzake na mnaganda hapo mpaka kesho. Ubaya wake kwenye majaribio madogo inapita vizuri tu. run na input= au communicate() vinalishughulikia hilo.

kijiwe_cha_data
Mimi faili la muda daima. Skripti ikifa usiku unafungua faili unaona ilikuwa inalishwa nini. Na kuna programu paipu haziitaki, unzip kwa mfano. Na ssh (ya kuingia seva nyingine) ndani ya while read, kitanzi cha bash kinachosoma orodha mstari kwa mstari, imeshanila, ilimeza orodha yote ya seva ikafanya moja tu ikajisifu imemaliza. Weka ssh -n isiguse stdin.

karani_wa_usiku
Asanteni. Nilisahau kusema, PDF zikitoka nazifunga kwa gpg, programu ya kusimba mafaili, nywila nimeiweka kwenye --passphrase ndani ya komandi. Ina shida?

binti_seva
Ndiyo maana niliuliza siri mwanzoni!! Yeyote mwenye akaunti kwenye hiyo seva akipiga ps aux (orodha ya programu zinazotembea na komandi zake) wakati inatembea anaisoma. Tumia --batch --pinentry-mode loopback --passphrase-fd 0 nywila ipite kwa stdin, PDF yenyewe ibaki faili.

kijiwe_cha_data
Kwa hiyo faili limerudi. Nilisema.

pwani_kodi
Hilo ni faili la matokeo, siyo la muda, usitubadilishie mchezo.

karani_wa_usiku
Nimejaribu ya input=, naona imepokea HTML ila sasa inasema "pdflatex not found". Niweke texlive, kifurushi chenye hiyo pdflatex?

shabiki_wa_bash
Texlive kwa risiti? Diski ya ofisi utaimaliza.

mhanga_wa_ritifaa
Weka weasyprint, programu ya kugeuza HTML kuwa PDF, uongeze --pdf-engine=weasyprint, hapo texlive huihitaji.

kijiwe_cha_data
weasyprint inachukua HTML moja kwa moja, sasa pandoc ya nini hapo katikati?

karani_wa_usiku
Eeh. Hiyo nayo inasoma stdin?