Windows 10 imefika mwisho na kompyuta yangu haikubali 11. Nihamie Linux?

MamaTish_Umoja
Hamjambo wadau. Nina kompyuta ya mezani, HP EliteDesk 800 G2, ile ya ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza. Core i5 ya jenaresheni ya 6, RAM gigabaiti 8, diski ya kawaida ya gigabaiti 500. Ndiyo inayonilisha: nawapigia watu chapa hapa mtaani, naweka hesabu za chama chetu cha akiba na mikopo, na watoto wanafanyia kazi za shule. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipewi tena masasisho ya usalama bure kama zamani, na nikijaribu 11 naambiwa prosesa haifai. Fundi mmoja mjini ataka kuniwekea 11 kwa njia ya mkato. Kijana wa jirani asema nifute kila kitu niweke Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Hofu yangu ni printa, na faili la chama la Excel lenye makro (amri za kujiendesha zenyewe ndani ya Excel) za kupiga riba. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Kebo_Kariobangi
Mama Tish, usifute chochote bado. Mint unaweza kuionja bila kugusa diski. Pakua faili lake (karibu gigabaiti 3, tumia Wi-Fi, usimalize bando), liandike kwenye flashi tupu kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi za kuwashia mashine, kisha washa mashine ukibonyeza F9 na uchague flashi. Itafunguka yote hapo. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasomwa kutoka kwenye flashi, lakini utaona kama intaneti, sauti na printa vinakubali. Ukishapakua, linganisha ile namba ya SHA256, inayoonyesha kama faili limebadilishwa, na iliyo kwenye tovuti yao. Si urembo: Februari 2016 tovuti ya Mint ilivamiwa na watu wakapakua faili lenye mlango wa nyuma wa kuwaingiza wavamizi.

Wakili_wa_Windows
Mimi napinga haraka hii. Microsoft wanatoa masasisho ya ziada ya Windows 10 kwa watu wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026. Unahitaji toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwao hulipi, la sivyo ni dola 30. Mtu anayekula kwa mashine hiyo ahame polepole.

Kebo_Kariobangi
Hapo nakubaliana nawe. Ila ile njia ya mkato ya fundi, hapana. Windows 11 inataka Intel kuanzia jenaresheni ya 8 na TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya mashine. Ukiilazimisha itawaka, lakini Microsoft hawakuhakikishii masasisho, na masasisho ndiyo unayoyatafuta.

MamaTish_Umoja
Asanteni. Nimejaribu na flashi. Printa ya HP imejitokeza yenyewe na imechapa. Tovuti za serikali, eCitizen na iTax ya kodi, zimefunguka kwenye Firefox. Faili la chama limefunguka kwa LibreOffice, ile programu ya Mint inayofanya kazi za Excel, namba zote zipo, lakini kitufe cha riba hakifanyi kitu.

Hesabu_Safi
Mama, makro za Excel ndipo LibreOffice inapokwama. Huzielewa kwa sehemu tu. Lakini jiulize: riba ya chama inahitaji makro kweli? Mkopo mara asilimia ya mwezi mara idadi ya miezi ni fomula ya kawaida. Weka safu ya mkopo, safu ya miezi, asilimia kwenye seli moja juu, na fomula iburuzwe hadi chini. Itafanya kazi kwenye Excel na LibreOffice vilevile, na mweka hazina atakayekufuata ataona hesabu inavyotoka badala ya kubonyeza kitufe asichokielewa. Pesa ya watu inafaa ionekane hivyo. Linganisha majibu na ya makro kwa miezi iliyopita kabla ya kuiacha.

Kebo_Kariobangi
Hesabu amemaliza. Basi weka Windows na Mint zote mbili kwanza. Ndani ya Windows zima ile "Fast Startup", maana ikiachwa Windows haizimiki kabisa na Linux itakataa kuandika kwenye sehemu yake. Punguza sehemu ya Windows ukiwa humo humo, acha gigabaiti 100 tupu, kisha weka Mint kando yake. Ukirudi Windows ukute saa iko nyuma kwa saa tatu, usishtuke: Linux huweka saa ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi Nairobi tuko saa tatu mbele. Andika kwenye terminali ya Mint (dirisha la kuandikia amri): timedatectl set-local-rtc 1. Na ukipata pesa kidogo, nunua SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kabla ya kuongeza RAM. Diski hiyo ya zamani ndiyo inayokuchelewesha, uwe Windows au Linux.

MamaTish_Umoja
SSD nibadilishe kabla ya kuweka Mint au baadaye?

Kebo_Kariobangi
Kabla, usirudie kazi. Na leo, nakili faili la chama na kazi za wateja kwenye flashi nyingine, si ile ya Mint. Rufus hufuta yote yaliyomo.