Mrejesho: mtaji wa kikundi chetu cha wanawake washonaji

Ndugu zangu, niliuliza jinsi kikundi chetu cha wanawake washonaji hapa Morogoro kinavyoweza kupata mtaji bila kuangukia mikononi mwa wakopeshaji wa kausha damu, yaani wa mikopo ya riba kubwa mno, nami nawashukuru nyote mlionijibu.

Tulianza na ushauri wa kuweka na kukopeshana wenyewe kwa sanduku la akiba lenye kufuli tatu, funguo zikikaa kwa wanachama watatu tofauti, hisa, yaani akiba ya kila mwanachama, zikinunuliwa na kuandikwa mbele ya wote, na mfuko wa jamii ukitengwa kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Huo ndio uliotufaa kuliko yote, kwa sababu manung'uniko juu ya mweka hazina yalikwisha, na wanachama kadhaa wamekwisha kununua vyerehani vyao wenyewe kwa mikopo ya ndani.

Kuhusu mkopo wa halmashauri usio na riba, unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambamo wanawake wametengewa asilimia 4, tulipitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kama mlivyoelekeza. Usajili umekamilika; mkopo bado. Andiko letu la mradi lilirudishwa kwa kuwa halikuonyesha soko la sare za shule tunazoshona nje ya msimu wa kufungua shule, hoja ambayo, kusema kweli, ni ya haki. Tumeliandika upya tukiongeza mashuka na mapazia.

Sabuni za maji, mlizotushauri pia kutengeneza na kuuza, tulizijaribu na kuziacha, kwani mtaani kwetu wauzaji ni wengi na faida ni ndogo mno.